Hesabu ya Kome wa Kasemba

Jumapili, 9 Novemba 1997

Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba naogopa ziwa. Nimezaliwa hapa Kasemba, kusini ya Ujiji, na usiku nikilala nasikia mawimbi, lakini sijui kuogelea. Wenzangu wakienda kuoga nasema nina mafua. Wakinivuta mkono nasema nitawatunzia nguo. Wanadhani naona haya kuvua nguo mbele za watu, nami nawaacha wadhani hivyo, maana mwenye haya wanamsamehe. Maji yakipita magoti moyo unanienda mbio na masikio yanavuma. Nina miaka kumi na sita. Naliandika hapa kwa sababu daftari halicheki.

Daftari hili amenipa Mwalimu Telesphory, anayetufundisha baiolojia Kidato cha Tatu. Alisema kila mwanafunzi wa klabu yake achague kiumbe kimoja na kukihesabu msimu mzima wa mvua, mara moja kwa mwezi. "Mahali pale pale, njia ile ile," alisema, akigonga meza kwa kila neno. "Na muandike kila kitu, hata mnachokiona hakina maana."

Nimechagua kome, wale wa magamba mawili wanaojizika mchangani. Hawaruki, hawakimbii, na hawamwulizi mtu swali.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimehesabu kwa mara ya kwanza. Nauandika utaratibu ili nisije nikaubadilisha. Naanzia kwenye mchikichi ulio peke yake, ninapotundika mfuko wangu. Nahesabu hatua hadi maji yanapoanzia. Kisha naingia majini hatua kumi, na kila hatua naweka mraba wa fito wa mita moja, nafukua mchanga kwa mikono, nahesabu kome wote waliomo, napima kwa rula, nawarudisha. Miraba kumi. Kwenye mraba wa kumi maji yananifika juu kidogo ya magoti. Ndiyo maana ni kumi. Mwalimu akiuliza nitasema kumi ni namba rahisi.

Mchikichi hadi maji: hatua 41. Kome: 143.

Aliyenishikia mraba ni Armelle, jirani yetu. Yeye na mama yake, Manariyo, walishuka hapa mwaka jana kwa boti kutoka Nyanza-Lac, vita vilipofika kwao. Wanakaa kwenye kibanda nyuma ya jiko letu. Baba yake, Ngendakumana, alibaki kumtafuta kaka yake mwenyewe, akawaambia wamsubiri pale pale boti itakapowashusha, wasiondoke, yeye atafuata ufuko hadi awapate. Boti iliwashusha Kasemba. Kwa hiyo hawakwenda kambini. Tangu Septemba kuna amri ya kuwapeleka kambini watu wote wa Burundi wanaokaa vijijini, lakini mwenyekiti wetu, Mzee Mwinshehe, hajaandika jina la mtu hata mmoja. Wakimwuliza anasema kalamu yake imekauka.

Ufukoni walijaa wanawake, kwa kuwa ni mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa za karabai, wavuvi wanalala nyumbani, na hapo ndipo wanawake wanashuka na mabeseni kuchimba kome. Giza likirudi, dagaa wanarudi, na kome wanaachwa wapumzike. Ndivyo walivyofanya bibi zetu.

Mwanvua, yule anayeuza mawese, alinisimamia kichwani.

"Scola we, unawaandikisha shule?"

"Nawahesabu, mama."

"Basi huyu wangu muandike Form Two, amefeli mara tatu." Akamtupa kwenye beseni. Wote walicheka. Armelle naye alicheka. Mimi niliangalia rula.

Ijumaa, 21 Novemba

Mvua.

Jumamosi, 29 Novemba

Giza. Mitumbwi imerudi imejaa, kijiji kizima kinanuka dagaa, mchanga wote umeanikwa. Na katikati ya yote hayo Manariyo alikuwa majini peke yake, ameinama, anachimba kome. Mama yangu alisimama na fagio lake akimtazama.

"Kome wanapumzika giza," alisema. "Huyu kwake hakuna giza wala mbalamwezi. Kila siku beseni."

Nami niliwaza vivyo hivyo. Niliwaza kwamba ni mwanamke mwenye pupa. Ana mikono mikubwa, na akichimba hageuki kumtazama mtu.

Jumamosi, 13 Desemba

Mchikichi hadi maji: hatua 37. Kome: 118.

Armelle alitembea mbele yangu hadi maji yakamfika kiunoni, akageuka kuniita. Nilimwambia utaratibu ni hatua kumi. Akasema, "Utaratibu wako una miguu mifupi."

Ijumaa, 19 Desemba

Mvua siku ya sita. Wanasema gari halipiti Kidahwe, barabara imekatika. Redioni wanaiita mvua hii kwa jina la kigeni. Ukuta wa choo chetu umeanguka. Mama anapika ndani na moshi umetujaa machoni.

Alhamisi, 25 Desemba

Tulirudi kanisani tumelowa. Manariyo alileta bakuli la kome aliowapika kwa mawese na pilipili. Mama aliona aibu kwa sababu hakuwa amewaandalia kitu, akawakaribisha tukala pamoja ugali wa muhogo.

Nilimwona akichambua kome kabla ya kuwapika. Anaweka kidole gumba juu ya gamba; aliye mfupi kuliko gumba anamtia kwenye kopo la maji. Baadaye alinipa kopo lile.

"Mwana wanje, warudishe hawa. Bado ni watoto."

"Kwenu ndivyo mnavyofanya?"

"Kwetu tulikuwa na wavu, na mtumbwi, na shamba la maharage. Kome tuliwapa bata." Alicheka kidogo bila kufungua mdomo. "Sasa bata ndiye mimi."

Sisi Kasemba haturudishi wadogo. Sikuwahi kulifikiria hilo. Tunawapumzisha wote siku za giza, basi, na mbalamwezi ikifika tunabeba kila kinachoingia mkononi.

Jumamosi, 10 Januari 1998

Mchikichi hadi maji: hatua 32. Kome: 64.

Nilihesabu mara mbili. Sitini na nne. Mwanvua amefunga, kwa hiyo leo hakuwa na mzaha. Beseni lake halikujaa hata nusu. Alilichungulia, kisha akakitazama kibanda cha Manariyo, kisha akalichungulia tena.

Jumanne, 13 Januari

Sasa niko Kidato cha Nne. Mwalimu Telesphory aliita daftari langu mbele ya darasa. Akachora ubaoni mistari miwili, akaweka nukta tatu, akaziunganisha, na mstari ukashuka kama mtu anayeteremka mlima.

"Hii ndiyo sayansi," alisema. "Wenzenu wameniletea hadithi za ndege. Scola ameniletea ushahidi."

Hakuna mwalimu aliyewahi kulitaja jina langu mara mbili kwa siku moja. Nilirudi nyumbani kwa miguu kwenye matope na sikuyaona matope.

Jumanne, 27 Januari

Mvua. Armelle anasoma kitabu changu cha historia, anauliza maneno. Ameuliza "ushahidi" ni nini.

Jumamosi, 14 Februari

Mchikichi hadi maji: hatua 27. Kome: 21.

Nataka kuandika leo kwa uangalifu.

Tulipofika mraba wa saba tulikuwa tumepata kome kumi na wawili. Armelle aliuacha mraba ukielea, akaenda mbele hadi maji yakamfika mapajani, kisha kiunoni, akasimama huko akikanyagakanyaga.

"Scola, njoo. Kome wako wapo huku. Nawasikia kwa nyayo."

"Utaratibu ni kumi."

"Lakini huku wapo."

"Nikibadilisha utaratibu hesabu yote inaharibika. Mwalimu alisema njia ile ile."

Alinitazama. Nadhani aliona jinsi nilivyosimama, mikono juu, kama mtu anayevuka mto. Alirudi akashika mraba, tukamaliza, nikaandika 21.

Nilichomwambia ni kweli, Mwalimu alisema hivyo. Lakini si hicho kilichonizuia.

Jumatano, 18 Februari

Maonyesho ya klabu. Wazazi na viongozi wa vijiji walialikwa. Mzee Mwinshehe alikuja na kofia yake ya sherehe. Alisimama mbele ya grafu yangu muda mrefu, akafuata mstari kwa kidole mpaka chini.

"Huyu ni mtoto wa Eufrasia? Wa kwetu?"

"Wa kwenu kabisa, Mzee," alisema Mwalimu.

"Wanawake wananipigia kelele kila siku kuhusu kome. Nikadhani ni maneno ya wanawake." Aliomba anakili zile namba. Nilimwandikia mwenyewe kwa mwandiko wangu mzuri. Niliandika tarehe na kome tu. Zile hatua za mchikichi sikuziandika, niliona hazina maana.

Jumanne, 3 Machi

Karatasi yangu imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji. Chini yake mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: NANI ANAWAMALIZA?

Jumamosi, 14 Machi

Mchikichi hadi maji: hatua 24. Kome: 6.

Armelle hakuja. Nilishika mraba peke yangu. Wanawake walikuwa wanarudi na mabeseni matupu na hakuna aliyenitania.

Jumapili, 15 Machi

Mkutano wa kijiji, baada ya misa, kwenye banda la kupokelea dagaa. Watu walisimama hadi nje kwenye manyunyu. Manariyo alisimama nyuma kabisa, Armelle ubavuni mwake. Kuna familia nyingine nne za Burundi hapa kijijini. Nazo zilikuwa pale, zimejibanza pamoja.

Mzee Mwinshehe aliniita mbele. "Binti, tusomee."

Sijui niliwezaje. Nilisoma nikitazama karatasi. Mia moja arobaini na tatu. Mia moja kumi na nane. Sitini na nne. Ishirini na moja. Sita. Nilipofika sita nilisikia mvua juu ya bati. Na nitaandika ukweli: kwa muda mfupi nilifurahi kwamba wananisikiliza.

Kisha Mwanvua akasimama. "Mmesikia? Mtoto hana ugomvi na mtu, kalamu haina ugomvi na mtu. Sisi tumechimba hapa tangu mama zetu, kome hawakuisha. Wamekuja watu wasiojua giza wala mbalamwezi, mwaka mmoja na nusu, tumebaki na sita. Sita! Hata mchuzi hawatoshi, labda uwaoneshe maji ya moto kwa mbali."

Wachache walicheka. Mzee mmoja mvuvi akasema, "Msiwaonee. Mnyonge hula anachokifikia."

"Basi wewe wape wavu wako."

"Wavu wangu una matundu."

"Na sisi mabeseni yetu yana nini?"

Mzee Mwinshehe alimwuliza Manariyo kama ana la kusema. Alisogea mbele taratibu, akavua kanga kichwani, akaishika mikononi.

"Nimechimba," alisema. "Siku za giza pia. Ego, ni kweli. Sikuwa na kingine. Wadogo nimewarudisha, lakini hilo hakuna aliyeliona isipokuwa mtoto huyu." Alinitazama. "Huyu mtoto anahesabu vizuri, nimemwona. Akisema ni sita, ni sita. Sina la kumjibu. Nawaomba mtuache kwa sababu moja tu. Mume wangu alisema tumsubiri mahali boti ilipotushusha. Tukiondoka hapa, atatupata wapi? Kome sitachimba tena. Nitakula majani ya muhogo."

Nilikuwa najua. Nilikuwa na daftari mkononi, na ndani yake kulikuwa na maneno ya Armelle ya mwezi uliopita, kwamba kule mbele wapo. Sikulifungua.

Mwenyekiti alisema yeye ameficha majina kwa muda mrefu na ofisi ya wilaya imeshamwuliza mara mbili. Kama kijiji kimewachoka wageni, yeye hawezi kuendelea kusema kalamu imekauka. Wanaotaka majina yaandikwe wanyooshe mikono. Mikono ilikuwa mingi. Mama yangu alinyoosha wake, si juu sana, hadi usawa wa sikio.

Jumatatu, 16 Machi

Sikwenda shule. Nilisema nina mafua.

Nilikaa kitandani na daftari nikachora jedwali safi, tarehe upande mmoja, kome upande mwingine. Nikaongeza safu ya hatua za mchikichi kwa sababu tu jedwali lilionekana jembamba. 41. 37. 32. 27. 24.

Niliziangalia kwa muda. Nikadhani labda hatua zangu zimekuwa ndefu. Nikaenda nje kwenye mvua hadi ufukoni. Mchikichi uko pale pale. Maji ndiyo yamekuja. Jiwe ambalo Mwanvua hufulia limezama lote. Ziwa limepanda msimu wote, na kila mtu Kasemba anajua kwamba ziwa hupanda masika, na mimi pia najua, nimelijua tangu nizaliwe. Lakini nilikuwa napima kutoka ukingo wa maji. Kila mwezi ukingo ulisogea kuelekea nyumbani, nami nilisogea nao. Mwezi wa kumi na moja nilichimba kati ya hatua ya arobaini na moja na hamsini na moja. Jumamosi nilichimba kati ya ishirini na nne na thelathini na nne, mahali ambapo Novemba palikuwa mchanga mkavu, watoto wakichezea mpira. Kome hawajawahi kukaa pale. Nimehesabu uwanja wa mpira nikasema kome wamekwisha.

Na wanawake pia. Nao wanachimba pale maji yanapowafika magotini, kila mwaka. Mwaka huu ziwa limepanda kuliko miaka mingine, na hakuna anayetaka kulowa hadi kifuani katika baridi hii. Lakini wao hawakuandika karatasi.

Ningepima kutoka mchikichi, ningelazimika kuingia maji ya kifua. Nilichagua ukingo ili nisiende. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine.

Jumanne, 17 Machi

Nilimsubiri Mwalimu Telesphory nje ya ofisi ya walimu. Nilimwonesha jedwali. Alilielewa mara moja. Alisafisha miwani yake kwa tai.

"Una uhakika kwamba kule mbele wapo?"

"Armelle alisema wapo."

"Armelle si hesabu. Umewahesabu?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi unachonacho ni shaka. Ukienda na shaka kwa mwenyekiti, atakuuliza hilo hilo nililokuuliza mimi. Hesabu kwanza." Kisha, kwa sauti ya chini, "Na mimi nimeshapeleka ile grafu mkoani. Tuwe waangalifu."

Nilimwona anaogopa. Sikujua walimu huogopa. Lakini alichosema kilikuwa na mantiki, na kilinipa muda, nami nilikubali haraka. Nitahesabu Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku ya kuhesabu.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua. Armelle amerudisha kitabu cha historia. Alikiweka mlangoni, akaondoka.

Ijumaa, 20 Machi

Lori limekuja leo.

Lilifika asubuhi nikiwa nimevaa sare. Walikuwepo karani kutoka wilayani mwenye orodha, mgambo wawili, na Mzee Mwinshehe aliyesimama pembeni akitazama matairi. Karani alisoma majina kwa shida, na kila aliyesomwa alimsahihisha, kisha akapanda. "Manariyo, mtu mmoja. Mtoto, mmoja." Walikuwa na sufuria, godoro lililokunjwa, na lile beseni.

Nilisogea hadi kwa mgambo. Jedwali lilikuwa mfukoni mwa sketi yangu. Nilisema, "Nimekosea."

"Nini?" Alinamisha sikio. Injini ilikuwa inanguruma.

Nikasema, "Hakuna kitu."

Niliandika mwanzo wa daftari hili kwamba sijawahi kumwambia mtu kuhusu ziwa. Hili la leo ni baya zaidi.

Manariyo alimshika mama mkono kutoka juu ya lori. "Mama Scola, akija mtu kuuliza..." Mama alitikisa kichwa kukubali kabla hajamaliza, na alikuwa anatazama chini. Armelle aliniambia jambo moja tu. "Ule mraba, fito ya juu imelegea. Ifunge kabla hujahesabu."

Wamepelekwa Mtabila, upande wa Kasulu. Kutoka huko ziwa halionekani.

Jumamosi, 21 Machi

Niliifunga fito. Nilikwenda ufukoni saa mbili asubuhi, nikahesabu hatua ishirini na nne hadi maji, nikaingia. Kumi. Kumi na tano. Maji yalipofika kiunoni nilishindwa, nikasimama nikilia, na mraba ukaondoka ukielea.

Mama alikuwa anaanika dagaa. Alikuja hadi ukingoni.

"Unafanya nini huko?"

"Siwezi kwenda mbele."

"Kwa nini?"

"Naogopa. Sijui kuogelea. Sijawahi kujua."

"Yale mafua yote?"

"Ndiyo."

"Miaka yote hii nakuchemshia mchaichai!" Akaingia na nguo zake. Alivua kanga ya juu, akaifunga kiunoni mwangu, ncha nyingine akaizungusha mkononi mwake. "Sema tunatafuta nini."

Nilimweleza yote, tukiwa tumesimama majini, kuhusu mchikichi na ukingo na maneno ya Armelle. Mwishoni alisema, "Na mimi nilinyoosha mkono."

Tulihesabu kutoka hatua ya arobaini na moja hadi hamsini na moja. Kwenye miraba ya mwisho maji yalinifika kifuani. Mama alinamisha kichwa chini ya maji, akafukua, akawaleta juu kwa viganja, nami nikahesabu na kupima. Ilituchukua hadi saa saba.

Kome: 97. Kati yao wadogo kuliko gumba: 31. Novemba wadogo walikuwa 12.

Kwa hiyo wamepungua, kweli. Kutoka 143 hadi 97. Alichimba Manariyo, na Mwanvua, na mama, na wanawake wote wa Kasemba. Lakini hawajaisha, na watoto wao wameongezeka, na mtu pekee niliyemwona akirudisha watoto ameondolewa kwa lori.

Jumapili, 22 Machi

Nilimpelekea Mzee Mwinshehe karatasi mpya nyumbani kwake. Shikamoo yangu haikusikika, nikairudia. Aliisoma mpaka mwisho, akauliza maswali mawili, na akaelewa. Akaikunja mara nne.

"Mwanangu, lori lililokwenda Kasulu halirudi kwa karatasi."

"Lakini walihukumiwa kwa karatasi, Mzee."

Hakukasirika. Alionekana amechoka tu. "Amri ilikuwepo kabla ya karatasi yako. Karatasi yako ilinipa njia ya kuitii bila kuonekana mbaya." Aliitia mfukoni mwa kanzu. Sijui kama ataibandika.

Jumamosi, 11 Aprili

Mbalamwezi, na kesho Pasaka. Mvua imekatika siku tatu, maji ya ziwa yamepata vuguvugu. Wanawake wameingia hadi kifuani, kwa mara ya kwanza msimu huu, na wametoka na mabeseni yaliyojaa.

Mwanvua alikuwa anaimba. "Wamerudi! Si niliwaambia? Wale wameondoka, hata mwezi haujaisha, kome wamerudi wenyewe! Scola, lete kalamu yako, mwandike huyu, na huyu, na huyu!"

Wakaniita wote. Walikuwa na furaha na walinitaka niwe katikati yao. Mwalimu naye alishaniambia juzi kwamba hesabu ya Aprili, ikipanda, itamalizia grafu vizuri.

Nilisimama ukingoni. Nilisema, kwa sauti ambayo Mwanvua aliisikia bila kuinama, kwamba kome hawakurudi, kwa kuwa hawakuondoka. Kwamba ziwa lilipanda, nami nikapima vibaya, na ile karatasi ukutani ni ya uongo, na aliyeiandika ni mimi. Nikawaonesha mchikichi, nikawaonesha jiwe lilikozama. Nikawaambia tisini na saba.

Walinisikiliza. Kisha mmoja akasema, "Masikini, anamkumbuka rafiki yake." Mwanvua akasema kwa upole kabisa, na upole wake uliniumiza kuliko mizaha yake yote, "Mwanangu, tisini na saba, mia mbili, wewe ni msomi. Mimi naliona beseni langu." Akanipa kome wanne wa Pasaka. Wawili walikuwa wadogo kuliko gumba. Niliwarudisha.

Jumatatu, 13 Aprili

Hapakuwa na shule. Niliamka mapema nikamwambia mama ninakokwenda, akanipa nauli na muhogo wa kuchemsha. Nilikwenda Ujiji, mwaloni, ambako boti za kutoka upande wa Burundi hufika asubuhi. Nilikuwa nimeandika kwenye vipande vya karatasi, kwa mwandiko wangu mzuri: Ngendakumana wa Nyanza-Lac, mke wako Manariyo na binti yako Armelle hawapo Kasemba. Wapo kambi ya Mtabila, Kasulu. Wako wazima. Niliacha nafasi chini, kisha nikaongeza jina langu na la mama, na kwamba akifika kwetu tutampa nauli ya kumfikisha.

Boti ya kwanza nilishindwa kuifikia kwa sababu wanaume walikuwa wengi. Ya pili niliingia majini hadi magotini, nikamwita nahodha, nikampa karatasi na kumsomea, maana alisema hajui kusoma. Aliirudia yote kwa kichwa, jina, mahali, kambi, akaitia kwenye kofia yake. Kisha nikarudi kwa ile ya kwanza. Mmoja wa wale wanaume aliniuliza huyo Ngendakumana ni nani wangu. Nilimwambia ni baba wa mtu niliyemkosea. Akaipokea karatasi.

Hadi saa nane nilikuwa nimezungumza na boti kumi na moja. Hakuna aliyemjua. Vipande vilipokwisha nilinunua daftari la kurasa thelathini na mbili, nikakaa juu ya gunia la mtu, nikaanza kuandika vingine.